Dirisha la misumari kumi na mmoja

Saa moja na robo asubuhi, Mama Dengu anatoka mlango wa nyuma akiwa amevaa glavu za mpira zinazomfika viwikoni na miwani ya mchomelea vyuma aliyoifunga kisogoni kwa kamba ya kiatu. Anasimama katikati ya uwanja, anachota majivu kidogo na kuyarusha hewani. Majivu yanaelekea ukuta wa mbali, si mlangoni. Anaridhika. Anabeba kigoda chake na kukihamishia upande unakotokea upepo.

Jikoni kwake, yaani kwenye jiko la mkaa lililo hapo uani, kuna sufuria iliyojaa mchanga wa moto. Katikati ya mchanga imechomekwa chupa nene ya kioo. Ndani ya chupa kuna dengu.

Usimeze mate, si dengu za kula. Ni vipande vidogo vya madini, bapa na vya mviringo, vilivyobanduliwa kwenye kontakta, zile swichi kubwa zinazokaa ndani ya makabati ya umeme viwandani. Kila mashine inapowashwa na kuzimwa, vipande hivyo ndivyo vinavyogusana na kuachana. Ndani yake mna fedha, ile inayovaliwa shingoni na vidoleni. Swichi ikichoka, kiwanda huitupa nzima, na wauza vyuma chakavu huipima kama shaba tu.

"Wageni walikuwa wanatusikia tukisema leo tumepata dengu nusu kilo, kesho tunachemsha dengu, dengu zimetuishia," anasema huku akicheka chini chini. "Wakadhani maskini hawa hawajui mboga nyingine."

Jina likamganda. Sonara anayenunua fedha yake alilisikia siku moja likamponyoka mdomoni, na tangu siku hiyo mama huyu wa miaka hamsini na sita ni Mama Dengu. Wapo wanaomsimamisha njiani kumuuliza kilo anauza bei gani.

Anamimina tindikali kidogo, anarudi nyuma hatua kumi, anageuza uso. Moshi wa rangi ya kutu unapanda kutoka kwenye chupa, mzito na mvivu, kisha upepo unaukamata na kuupeleka ukutani. Chupa inaanza kunguruma.

Ndani ya nyumba, mtu anagonga ukuta mara moja.

"Punguza moto, anasema," Mama Dengu anaeleza, na papo hapo anachomoa makaa mawili kwa koleo. "Akigonga mara mbili, njoo. Akigonga mara tatu, nina njaa. Hiyo ya tatu ndiyo haikosei."

Anayegonga ni mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi. Ana miaka sitini na mmoja. Anakaa kwenye kiti chenye mito mitatu, mgongo umeegemea ukuta, na kwa kusikia tu mchemko wa chupa anajua tindikali imekaza au imelegea. Kutoka kwenye kiti hicho hadi mlango wa nyuma ni hatua kumi na nne. Fundi hupumzika mara mbili njiani.

Madaktari wamemwambia kwamba pumzi aliyobakiwa nayo ni kama theluthi ya ile aliyozaliwa nayo. Habari ya zile theluthi mbili ndiyo iliyomfanya Mama Dengu akubali kuzungumza na mwandishi.

*

Fundi alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, aliondoka na mkoba wa vifaa na ujuzi ambao wenzake hawakuwa nao: alijua ndani ya swichi mbovu mna nini. Akaanza kupita kwa wauza vyuma chakavu na kununua kontakta zilizokufa.

Kilo moja ya dengu ilihitaji kontakta zaidi ya mia moja. Ilichukua miezi miwili kuikusanya, wakati mwingine mitatu. Unapasha moto mkono wa shaba hadi dengu iachie, unaikwanyua kwa bisibisi, unaidondosha kwenye kopo la maziwa. Kopo likijaa, unaanza kazi ya tindikali. Zaidi kidogo ya nusu ya uzito hutoka ikiwa fedha safi.

Kopo moja lililipa ada ya shule ya binti yao kwa mwaka mzima. Mengine yalinunua matofali. Nyumba wanayoishi, vyumba viwili na bafu, ilijengwa na dengu kuanzia msingi hadi bati.

"Sisemi kazi ilikuwa mbaya," Mama Dengu anasema. "Ilitulisha. Mbaya ni sisi tulivyoifanya."

Waliifanyia bafuni. Bafu lilikuwa na maji, mlango wa kufunga na dirisha dogo la kutolea moshi. Mume alishughulika na chupa, mke na kusafisha. Dengu zikishayeyuka zote, unatumbukiza bomba la shaba ndani ya maji yale ya buluu, na fedha inajitokeza yenyewe, inaganda kwenye shaba kama ukungu wa mkate, kisha inaanguka chini ikiwa tope la kijivu. Hiyo ndiyo sehemu iliyompendeza Mama Dengu. Anakiri kwamba mara ya kwanza alipiga kelele.

Kujua kama fedha yote imeshuka, alifanya kama mumewe alivyomfundisha: alichovya vidole, akasugua tope kati ya kidole gumba na cha shahada. Likikwaruza, bado. Likiteleza kama unga uliochekechwa, tayari. Fundi alisema glavu ni za watu wasioijua kazi.

Maji yale yakigusa ngozi na ngozi ikaona jua, inageuka nyeusi, na weusi huo hautoki kwa sabuni wala limau. Vidole vya Mama Dengu vilikuwa vyeusi kwa miaka mingi, kucha zake nyeusi zaidi.

"Muuza nyanya akaniuliza, dada, vidole vimefanya nini? Nikamwambia nasuka watu nywele, nawapaka rangi. Mwalimu wa mtoto akaniuliza, nikamwambia hivyohivyo. Ikabidi siku moja nimsuke kweli mke wa mwalimu." Anatikisa kichwa. "Nilimharibu yule dada. Hakurudi tena."

Ilikuwa siri, na siri ina gharama zake. Waliogopa wezi. Waliogopa pia watu wa serikali, maana hawakuwa na kibali wala hawakujua kinaombwa wapi. Basi siku moja mpita njia akasimama nyuma ya nyumba, akauliza kwa sauti, huo moshi wa rangi ya chungwa unatoka wapi?

Hakungoja jibu, akaenda zake. Mama Dengu hakulala usingizi. Kulipokucha alichukua ubao, nyundo na misumari, akaliziba dirisha la bafu kwa ndani.

"Fundi alisema misumari minne inatosha," anasema. "Mimi nikapiga kumi na mmoja."

Baada ya hapo walikuwa wakifunga na mlango, na chini ya mlango wakisukumia taulo bichi ili moshi usiingie chumba cha mtoto. Miaka minne walifanya kazi hivyo. Huko nje hakuna aliyeuliza tena habari za moshi, nao wakajipongeza kwa akili yao.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Kopo lilikuwa limejaa kuliko kawaida, na Fundi, ambaye siku zote alimimina tindikali kwa kijiko, alikuwa na haraka. Chupa ikafura, ikamwagika, moshi ukajaa bafu hadi hakuona mkono wake. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alibaki, akaokota dengu sakafuni moja moja, maana ilikuwa jasho la miezi mitatu.

Alitoka akikohoa na kucheka. Mkewe akampa maziwa, kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba maziwa hukata sumu. Akanywa, akala chakula cha mchana, akatengeneza redio ya jirani. Jioni akasema kifua kinambana kidogo. Alfajiri midomo yake ilikuwa ya buluu.

Moshi ule ndivyo ulivyo. Hukuruhusu uondoke, kisha hukufuata nyumbani.

Mama Dengu anafika hapa katika masimulizi yake na kuinuka. Chupa imetulia, dengu zimeyeyuka zote. Anaitoa mchangani, anaiweka kivulini ipoe, anarudi kukaa. Anavua glavu, anaangalia mikono yake, anazivaa tena ingawa hakuna kazi ya glavu kwa wakati huo.

"Daktari aliniuliza swali moja," anasema. "Mama, amevuta moshi wa nini? Nikasema wa mkaa."

Hakupanga kusema hivyo. Anataka hilo lieleweke, ingawa hadhani linamsafisha.

"Ukizoea kumdanganya muuza nyanya, siku ya daktari mdomo unajiendea wenyewe. Niliogopa watakuja kuikagua nyumba. Mume wangu anazama mbele ya macho yangu, mimi nawaza kopo lililo chini ya kitanda."

Walimtibu kama mtu aliyevuta moshi wa mkaa. Siku ya tatu daktari alirudi na picha ya kifua, akasema mapafu haya hayafanani na mkaa, akauliza tena. Ndipo Mama Dengu akasema kweli. Daktari aliweka kalamu mezani, akamtazama, kisha akaichukua tena na kuanza kuandika upya.

"Hakunigombeza. Angenigombeza pengine ningepona. Nikamuuliza, ningesema siku ile ya kwanza, angebaki mzima? Akasema, labda." Anafuta macho kwa mkono wa blauzi, juu ya glavu. "Miaka sita naamka na hiyo labda, nalala nayo."

Wahenga walishasema mficha maradhi kilio humuumbua. Walichosahau kutaja ni kwamba kilio hicho huwaumbua na waliokuwa tayari wanajua. Mama Dengu alipoihamishia kazi uani, akiwa peke yake sasa, kwa sababu dawa za Fundi zilihitaji kununuliwa, alikwenda kwa jirani yake seremala kumwomba radhi kwa moshi. Seremala akashangaa.

"Mama, sisi tunajua tangu zamani," akamwambia. "Mnapika pombe. Tukasema wacha watu watafute riziki yao. Hata watoto tuliwakataza kuuliza."

Mtaa mzima ulikuwa umewatunzia siri ambayo haikuwa yao. Lile dirisha lilizibwa ili kuuficha moshi kwa watu waliokwisha amua kutoona.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema. "Nilipoinuka nilikuwa nalia."

Ukuta unagongwa mara mbili.

Mama Dengu anaangalia ukuta, kisha mlango uliokuwa wazi muda wote, na inaonekana sasa hivi tu ndipo anapokumbuka kwamba mtu anayeweza kusikia tindikali ikichemka anaweza pia kusikia mkewe akizungumza. Katika miaka sita, habari ya lile jibu la hospitalini haikuwahi kutajwa kati yao.

Anaingia ndani. Fundi yupo kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Anaongea kama mtu anayepanda ngazi, maneno matatu kisha mapumziko.

"Siku ile ya kwanza," anasema. "Nilikuwa nasikia. Nilikusikia ukisema mkaa." Anavuta pumzi. "Na mimi mama... nilikuwa na mdomo."

Mkewe anamrekebishia mto ambao haukuwa umekaa vibaya. Baadaye Fundi anagonga mara tatu, na wote wawili wanacheka, kwa kuwa mwenye njaa anaonana uso kwa uso na mpishi na bado anagonga ukuta.

*

Binti yao, yule aliyesomeshwa na makopo ya dengu, sasa ni fundi cherehani katika mji mwingine. Miezi mitano iliyopita alijifungua mtoto wa kiume, mtoto wake wa kwanza. Alipokuwa mjamzito alimweleza muuguzi wa kliniki nyumba aliyokulia: bafu lililo nyuma ya ukuta wa kitanda chake, maji ya buluu yaliyomwagwa kona ya uwanja, mahali ambapo hadi leo hapaoti hata gugu. Muuguzi akamwambia asimpeleke mtoto mchanga pale mpaka sakafu na udongo vibadilishwe.

Akampigia mama yake simu. Hakupandisha sauti, alilia tu.

"Mama, mtoto hutambaa kwa mikono na hula kwa mikono hiyohiyo," alisema. "Na wewe mikono yako ndiyo hiyo."

"Watu husema majuto ni mjukuu," Mama Dengu anasema. "Kwangu majuto yamefika. Mjukuu mwenyewe sijamshika."

Siku ya simu ile aliacha kazi. Ngozi ya vidole ilisafika kwa wiki mbili tu, lakini kucha zina ubishi. Weusi hautoki, unangoja kucha ikue na kuusukuma nje taratibu. Kwa hiyo kila Ijumaa anaweka mikono yake juu ya kitambaa cheupe, anapiga picha kwa simu na kumtumia binti yake. Picha ya kwanza ilikuwa nyeusi tupu. Sasa umebaki mstari mwembamba nchani, unaoweza kukatwa na mkasi wakati wowote.

Kila Ijumaa jibu hurudi neno moja: "Bado."

Hakumkasirikia. Bado, anasema, si hapana.

Kwa nini basi leo ana chupa motoni? Swali hilo analijibu kabla halijamalizika. Kopo la mwisho lilikuwa limebaki chini ya kitanda, gramu mia nane. Kung'oa sakafu ya bafu, kuchimba udongo wa ile kona na kuupeleka atakakoelekezwa, kisha kumwaga zege jipya, ni kazi ya pesa nyingi, na hakuna kingine ndani ya nyumba hiyo cha kuuza.

"Najua," anasema. "Nalipia dhambi kwa chumo la dhambi ileile. Nimetafuta njia nyingine sikuiona. Angalau hii naifanya kama mtu mwenye akili."

Ndiyo maana ya majivu, ya miwani, ya glavu. Maji yaliyobaki safari hii hayamwagwi popote. Yana dumu lake lenye kifuniko. Na kwa kuwa kidole ndani ya glavu hakiwezi kuhisi tope, anapima kwa njia nyingine: anachukua tone moja la maji ya chupa na kulidondosha kwenye glasi ya maji ya chumvi. Tone likigeuka jeupe kama maziwa, fedha bado imo. Likipotea bila alama, imekwisha shuka yote.

Saa sita na nusu tone linapotea bila alama.

Njia hiyo, anasema, Fundi aliijua tangu mwanzo. Waliiona ni ya kupoteza muda. "Chumvi ilikuwa jikoni siku zote," anasema, na sauti yake inashuka. "Hatua nne kutoka bafuni."

Alasiri tope limeoshwa, limekaushwa, limeyeyushwa kwenye kikombe cha udongo, limemiminwa. Kinachobaki ni donge lenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, zito kuliko linavyoonekana. Gramu mia nne na thelathini. Analifunga kwenye gazeti bila kulitazama mara mbili. Kesho litakwenda kwa sonara. Zamani sonara huyo alimpa theluthi mbili ya bei, maana anayejificha hana nafasi ya kuchagua mnunuzi. Kesho, anasema, atauliza bei kwa masonara watatu, mchana kweupe, na atakayemuuliza fedha imetoka wapi atajibiwa.

Anaosha mikono. Anakata kucha zote kumi, na mstari mweusi unaanguka kwenye karatasi vipande vipande. Anatandika kitambaa cheupe, anapiga picha, anatuma.

Jibu linachelewa. Fundi anauliza kutoka kwenye kiti, amesemaje? Bado hajasema. Simu inatikisika mezani. Mama Dengu anasoma kimoyomoyo, kisha anasoma kwa sauti.

"Na dirisha je?"

Maneno matatu. Binti huyo alilala miaka yake yote ya shule upande wa pili wa bafu hilo. Wazazi walikuwa wamepiga hesabu ya sakafu, udongo, kucha. Ubao wameuzoea mpaka hawauoni tena.

Mama Dengu anakwenda kutafuta nyundo. "Nitaing'oa misumari yote sasa hivi," anasema. "Dakika tano."

Ukuta unagongwa mara mbili.

"Lete hapa," anasema Fundi.

Kutoka kwenye kiti hadi bafuni ni hatua tisa. Anapumzika mara moja, mkono begani kwa mkewe. Anaingiza makucha ya nyundo chini ya kichwa cha msumari wa kona ya juu, anaegemea mpini, anapumua, anaegemea tena. Msumari unalia, unapinda, unatoka. Ubao unaachana na ukuta upana wa kidole, na mwanga wa alasiri unaingia na kusimama juu ya sakafu iliyoliwa na tindikali.

Mkewe ananyoosha mkono kuchukua nyundo. Fundi haachii.

"Kesho mwingine," anasema. "Mmoja mmoja... kila siku. Zege likikauka... na mimi nitakuwa nimemaliza."

Wamekubaliana hivyo. Sakafu itang'olewa wiki ijayo, udongo utafuata, na Mama Dengu ameshachagua mahali pa kuweka beseni la kumwogeshea mtoto: chini ya dirisha, panapopiga upepo. Hajui kama binti yake atakubali. Ijumaa nyingine, anasema, huenda jibu likawa bado, na inayofuata pia.

Kabla mwandishi hajaondoka, anatuma picha ya pili kwa siku hiyohiyo, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Si ya kucha. Ni ya kiganja chake kilicho wazi na msumari mmoja uliopinda. Chini yake ameandika: "Baba yako ameutoa. Imebaki kumi."